Bibi Aliyetuonjea Futari

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja. Wenzetu Wakatoliki walikuwa wanapakwa majivu, nasi tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kufunga. Watu wa Mfaranyaki, mtaa wetu wa Songea, waliliona hilo kuwa jambo jema, wakawa wanataniana njiani kwamba mwaka huu hata shetani atalala na njaa. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na mahindi mashambani yalikuwa bado hayajabeba.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe. Kwetu ni Namasakata, huko Tunduru. Mume wangu alinileta Songea tukapanga vyumba viwili katika nyumba ya bibi mmoja Mngoni, mjane, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mume wangu aliuza mitumba sokoni, mimi nilishona vitenge kwa cherehani ya mkono. Bibi aliishi upande wa nyuma, katika chumba chenye mlango wake, na sisi tulimwita bibi tu, kama vile ametuzaa. Mwanawe alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Shirika lilipofungwa alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na tangu hapo bibi alikuwa akisema, "Mwanangu yu njiani," bila kusema njia ya wapi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Nilipokuwa msichana tulipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Sasa madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia kwenye madumu, redio za kaseti, viatu vya plastiki vinavyong'aa, na watu wakisimama mlangoni kuvitazama kisha wakiondoka. Wakati wa mavuno malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameingia vijijini na kuzoa mahindi mpaka ya mwisho, na wakulima waliuza kwa sababu ushirika ulikuwa umewachosha. Ilipofika Februari maghala ya nyumbani yalikuwa matupu. Malori yaleyale yakarudi, safari hii yamebeba unga.

Wazo la kufuturu pamoja lilitoka kwa mke wa dereva wa lori, jirani yetu wa mkabala. Nyumba zetu nne zilitazamana, na katikati kulikuwa na uwanja mmoja usio na uzio. Alisimama pale uwanjani akiwa ameshika kiuno, akasema, "Kila mtu anapika kisufuria chake cha huzuni ndani. Mimi nina viazi, wewe una maharage, yule ana sukari. Tuviweke pamoja tuone kama havitakuwa chakula."

Vikawa chakula. Wiki ya kwanza tulikula uji wa pilipili manga, magimbi, maharage, na siku moja hata tambi. Wanaume walitandika mikeka, wakaswali Magharibi hapohapo, kisha tukala, wanaume upande wao na sisi upande wetu. Bibi alituazima masufuria yake makubwa, yale aliyokuwa akiyaazimisha kwa arusi. Na alitupatia kitu kingine tulichokihitaji zaidi. Sisi wapishi tulikuwa tumefunga, na ingawa wapo wanaosema mpishi anaweza kugusisha ulimi na kutema, sisi tuliogopa. Bibi akasema, "Nipeni mimi. Mimi sijafunga kwenu."

Basi kila jioni aliletewa bakuli. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, akipuliza, akionja, na sisi tukimtazama kama watu wanaosubiri hukumu.

"Chumvi bado," alikuwa akisema. Au, "Hapa mmeharibu, ongezeni maji." Mke wa dereva alimpa jina la kinywa chetu.

Tuliona kwamba anakonda. Gauni lake la kanisani lilianza kumning'inia mabegani. Nilipomuuliza alicheka akasema, "Kwaresima hii, mwanangu. Na mimi nafunga, ila kwa namna yangu." Tulicheka naye.

Siku zile mjini kulikuwa na mihadhara. Watu wa dini hii na watu wa dini ile walikuwa wakipanda majukwaani na vipaza sauti, kila mmoja akichambua kitabu cha mwenzake, na kaseti zake zikauzwa sokoni karibu na meza ya mume wangu. Katika nyumba ya tatu ya uwanja wetu aliishi fundi seremala, mtu mzima, mtaratibu, aliyenitengenezea meza ya cherehani kwa upole mkubwa. Alianza kwenda kwenye mihadhara, kisha akanunua kaseti, na karakana yake ambayo zamani ilikuwa na sauti ya randa tu sasa ikawa na sauti ya mtu anayefoka kutwa nzima.

Jioni moja, kabla hatujala, akasema bila kumtazama mtu, "Hivi ni lazima chakula cha futari kipite kinywani mwa mtu asiyekuwa mwenzetu?"

Bibi alikuwa palepale na kijiko mkononi. Alikifuta kwa upindo wa kanga yake, akakiweka juu ya kifuniko cha sufuria.

Dereva akajibu, "Mzee wangu, uji huo umeunywa wiki nzima, haukukukaba."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Kuanzia siku iliyofuata seremala alikuja na sahani yake kutoka nyumbani, imefunikwa kwa kawa. Alikaa mkekani pamoja nasi na kula cha kwake.

Kwa upande wa bibi nako hakukuwa salama. Siku moja, tukichambua maharage, aliniambia kwa sauti ya chini, "Wenzangu wa jumuiya ya kanisani wameniuliza kwa nini nashinda jikoni kwa Waislamu. Nimewaambia jikoni ni kwangu."

"Wamesemaje?"

"Hawakusema kitu. Hilo ndilo linalonitisha."

Nikawa nahisi kwamba kitu fulani kinakuja. Sikujua ni nini. Nilifikiri labda ni ugomvi wa wanaume, au jiwe litakalorushwa juu ya bati. Sikufikiri kwamba kingekuja ndani ya gunia, kikiwa zawadi.

Dereva alirudi kutoka Tunduru akiwa ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Lori lilikuwa limekwama njiani. Alisimulia kwamba kandokando ya barabara watu hawauzi tena mahindi wala kuku, wanauza mihogo mibichi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amemsihi mno, naye akachukua gunia zima. Aliliangusha katikati ya uwanja. "Futari hiyo," akasema. "Leo hakuna mtu kunywa uji."

Tulishangilia. Mihogo ilikuwa minene, ya ganda jeusijeusi, ina udongo mbichi. Mke wa dereva akaanza kumenya, mimi nikachukua mmoja nikaugeuzageuza.

Kwetu Namasakata mama yangu alikuwa na mashamba mawili ya mihogo. La karibu na nyumba lilikuwa la mihogo ya kutafuna na kuchemsha. La mbali, kule mwisho ambako nguruwe pori hupita, lilikuwa la mihogo michungu, ambayo hata nguruwe huikimbia. Hiyo huili mpaka uiloweke, uianike, uitwange unga. Kila mtoto wa Tunduru analijua hilo. Lakini ukishaing'oa na kuiweka kwenye gunia, kwa macho huwezi kuitofautisha.

Nikamuuliza dereva, "Shemeji, yule mama alikwambia mihogo hii ni ya shamba gani?"

"Shamba gani tena? Shamba lake."

Mkewe akacheka. "Mdogo wangu, mimi kwetu Mbinga, muhogo ni muhogo tu."

"Kwetu kuna ya kula na kuna ya kuua," nikasema.

Mke wa dereva akatazama gunia, akatazama jua. "Bibi si yupo?" akasema. "Tutampa aonje kwanza. Ikiwa michungu tunamwaga." Nikaona ni sawa. Wote tuliona ni sawa. Maganda tukamtupia mbuzi wa seremala, aliyekuwa amefungwa nyuma ya karakana akisubiri Idi.

Tulipika kwa karanga. Harufu yake ilijaa uwanja mzima, na mtu aliyefunga anajua harufu ya karanga ilivyo saa zile. Ilipoiva nikamwita bibi. Alikuja taratibu, akaketi kwenye kigoda chake. Nikampakulia kwenye bakuli vipande vichache na mchuzi.

"Bibi, tazama uchungu," nikamwambia. "Usitazame chumvi. Tazama uchungu."

Alitafuna polepole. Alimeza. Akaangalia ndani ya bakuli.

"Michungu?" akauliza mke wa dereva.

"Haina neno," bibi akasema. "Karanga zimekolea." Akachukua kipande cha pili, na cha tatu. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanyoosha bakuli niongeze. Nikaongeza. Mke wa dereva akanigusa kiwiko, akanong'ona, "Leo bibi amekipenda." Alikula mpaka bakuli likawa jeupe, akaliosha mwenyewe, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya Rozari.

Wingu lilikuwa limesimama juu ya mlima Matogoro, na upepo wa mvua ukaanza kupekua mikeka. Wanaume walikuja mmoja mmoja, wametawadha. Tukapakua kwenye sinia. Seremala akaenda nyuma kumhamisha mbuzi wake asilowe, na mara tukasikia anaita, sauti si yake.

Tulikimbia. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, miguu ikikanyaga hewa kama anakimbia mahali. Povu lilimtoka.

"Nyoka," mtu akasema. "Ameumwa na nyoka."

Mimi nilitazama chini. Maganda yalikuwa yametapakaa hapo, mengine yameliwa nusu. Nikageuka, nikakimbilia chumba cha bibi.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Sikuwahi kuingia mle tangu mwezi uanze, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mafiga yake kwenye kona. Mvua ilikuwa imevuja kutoka kwenye bati ikaangukia jivu, jivu likagandamana likawa gumu kama saruji. Hapakuwa na kuni. Chungu cha unga kilikuwa kimefunikwa kifudifudi sakafuni, kikavu, na buibui amefunga utando kutoka kwenye ukingo wake mpaka ukutani. Nilivielewa vyote kwa mara moja, hata kabla sijamwona yeye.

Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, akihema haraka kama mtu aliyepanda Matogoro bila kupumzika. "Kichwa," alisema. "Mwanangu, kichwa kinapasuka." Kisha akatapika.

Hapo ndipo adhana ya Magharibi ilipoanza.

Nilitoka nikipiga kelele. "Msile! Msile! Wallahi msile!" Wengine walikuwa wamekwisha kunywa maji. Mtu mmoja alikuwa ameshika kipande cha muhogo kati ya vidole, karibu na mdomo, akabaki hivyo akinitazama. Mama mmoja aliwanyakua wanawe wawili akawatia vidole kooni, ingawa watoto walikuwa wanalia kwamba hawajala kitu. Mke wa dereva alipiga teke sinia.

"Bibi anakufa," nikasema. "Mihogo ni michungu. Bibi anakufa."

Seremala alikuwa amesimama kando ya karakana yake, mikono imening'inia. Nilidhani atakuja kusaidia. Akasema, "Si nilisema? Si nilisema huyu mama asiguse chakula chetu?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayethibitisha jambo, na hilo lilinitisha kuliko povu la mbuzi.

Dereva akamgeukia. "Anayekufa ni yeye, mzee. Wewe unapumua."

Lori lilikataa kuwaka. Wanaume walilisukuma kwenye tope, watu walioshinda bila kula na ambao tumboni walikuwa na funda moja la maji, wakateleza, wakainuka, mpaka likakohoa. Nilikaa mbele nimempakata bibi. Mvua ilitukuta njiani. Dereva aliendesha huku akisema peke yake, "Mama wa watu alinisihi. Alinisihi." Hospitalini walimpokea mbio, wakamtundikia dripu, nasi tukatolewa nje.

Asubuhi bibi alikuwa hai. Lakini nje ya wodi palikuwa na makundi mawili. Upande mmoja walikaa kina mama wa jumuiya yake, na rozari mikononi, pamoja na mzee wao. Upande mwingine tulikaa sisi. Katikati palikuwa na nafasi ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga. Usiku kucha maneno yalikuwa yametembea. Kanisani yalifika kwamba Waislamu wamemtumia mama wa Kikristo kupima sumu, kama mtu anavyomtupia paka. Sokoni, mume wangu aliyasikia mengine: kwamba mwanamke wa Kikristo alitiwa jikoni ili awaue watu kwenye futari yao, na Mungu akamgeuzia. Watu waliosema hivyo hawakuwahi kukanyaga uwanja wetu. Vijana wawili nisiowajua walikuwa wameegemea ukuta wa hospitali, wakitutazama.

Mzee wa jumuiya alitujia. Hakutusalimia. "Nani alimpa?" akauliza.

Dereva akasimama. "Mihogo niliileta mimi."

"Sikuulizi nani alileta. Nani alimpa?"

"Mimi," nikasema. "Nilimpakulia mimi."

Sijui kingefuata nini. Muuguzi alitokea mlangoni akasema mgonjwa amepata kauli, waingie wachache. Tukaingia mimi, mke wa dereva, mzee yule, na kina mama wawili. Bibi alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko nilivyomjua.

Mzee akainama. "Mama, walikupa nini?"

Bibi alitazama dari muda mrefu. "Hawakunipa. Walinipa nionje."

"Kuonja ni kijiko, mama. Daktari anasema umekula."

Nilimwona anatafuta njia nyingine ya kusema, asiipate.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Akaendelea, kwa sauti ileile ya taratibu, "Uchungu niliuona. Lakini kinywa changu ni kichungu tangu zamani, tangu unga uishe. Kila ninachoweka mdomoni ni kichungu. Nikadhani ni kinywa changu." Kisha akageuza uso ukutani, akajivutia shuka.

Tangu mwezi uanze, alichokula ni kile cha kuonja, na sahani ya futari. Asubuhi na mchana alikuwa hana kitu. Sisi tuliofunga tulijua saa ya kufungua. Mmoja wa kina mama wa jumuiya alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Mzee alibaki amesimama, anaigeuzageuza kofia yake.

Ningependa kusema kwamba aibu ile ilitupatanisha. Kwa siku moja au mbili ilielekea hivyo. Mzee wa jumuiya alituaga kwa kumpa dereva mkono. Lakini maneno yaliyokwisha kutoka hayakurudi. Yalibadilika tu, yakawa yananong'onwa. Mikeka haikutandikwa tena uwanjani. Mihogo tuliifukia kwenye shimo refu, na mbuzi pia. Kila nyumba ikarudi kupika ndani, na ilipofika Magharibi ungesikia vijiko vikigonga sahani nyuma ya milango iliyofungwa. Bibi aliporudi, mimi na mke wa dereva tulimpelekea chakula asubuhi na jioni. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante wanangu, akarudisha mlango. Hakuwahi kuketi tena jikoni kwetu, nasi hatukujua namna ya kumwomba.

Safari iliyofuata dereva alisimama mahali palepale alipouziwa gunia, kupita Namtumbo. Alikuwa na maneno makali ya kumwambia yule mama. Alipomuulizia, watu walimwonyesha nyumba yenye watu wengi nje, wamekaa chini. Nyuma ya nyumba palikuwa na udongo mpya, sehemu mbili, moja ndefu na moja fupi. Nao walikuwa wameila ileile. Walishindwa kungoja ikauke. Aliporudi hakutusimulia sisi. Alimsimulia mkewe, na mkewe alinisimulia akiwa anafua, bila kuinua kichwa. Mwaka huohuo dereva aliacha njia ya Tunduru, akawa anaendesha kwenda Njombe.

Kiangazi kilipoingia, seremala alileta matofali ya kuchoma, akaweka mafundi wajenge ukuta katikati ya uwanja. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Hakuna aliyembishia, na nyumba ya nne nayo ikaanza kukusanya mawe. Siku ya kwanza ya ujenzi bibi alitoka, akasimama akiwatazama mafundi wakinyoosha kamba. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Chimbeni msingi vizuri," akawaambia. "Huu udongo wa hapa unadanganya. Ukuta usije ukawaangukia watoto."

Wakasema ndiyo bibi, wakaendelea. Jua lilipokaribia kuzama ukuta ulikuwa umefika magotini, na kivuli chake kilikuwa kimeanza kuingia jikoni kwetu.